Migomba Isiyojua Upepo

Daktari aliniandikia maziwa, mayai na hewa safi, katika siku ambazo mji mzima ulikuwa unatafuta chumvi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akagonga na muhuri juu yake, kama vile muhuri ungetaga yai. Nilikuwa nimelala wodini miezi miwili kwa kifua kikuu, nikidungwa sindano kila asubuhi mpaka nikawa naogopa kukaa, na sasa walikuwa wanakitaka kitanda chao.

"Kifua kimesikia dawa," akaniambia. "Lakini usirudi kazini kabla ya miezi minne. Kile chumba chenu hakina dirisha. Tafuta mahali ukae uangalie majani." Na hilo pia alikuwa ameliandika.

Nilicheka, na kicheko kikanitia kikohozi. Kuchora majani ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Kenya nikiwa kijana, nikapata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye studio ya picha pale Wandegeya, chini ya chuo kikuu. Yeye ndiye aliyenifundisha kurekebisha picha. Kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, na brashi yenye nywele tatu nne, niliwaondolea wanafunzi chunusi, makarani makovu ya ndui, na maharusi waliochelewa niliwapunguzia miaka kumi. Ilikuwa kazi ya uongo, lakini uongo usiomdhuru mtu. Kisha Wahindi wakaambiwa waondoke, naye akaondoka na sanduku moja, na studio ikagawiwa sajini wa stoo ya jeshi. Sajini huyu alikuwa mtu wa kaskazini, mpole kwa jumla. Siku ya kwanza aliingia chumba cha giza, akawasha taa, akafungua maboksi ya karatasi za picha moja baada ya jingine ili ahesabu mali aliyopewa. Karatasi zilikuwa zimetimia. Baada ya mwanga ule hakuna hata moja iliyofaa tena.

Chini ya sajini, habari za chunusi zikaisha. Watu walianza kuja na picha zao za zamani, za harusi, za ubatizo, za timu ya mpira, na kusema kwa sauti ya chini, "Nipunguzie mtu mmoja." Ndivyo tulivyoiita kazi hiyo, kupunguza. Huyo wa kupunguzwa pengine alikuwa amekimbilia nje ya nchi, pengine alikuwa ametiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, pengine jina lake lilikuwa limeacha tu kutajwa redioni. Kuwa na sura yake ukutani kulitosha kukuletea wageni. Sikuuliza. Mara nyingi hata mwenye picha hakuja mwenyewe, alimtuma shemeji au jirani, nasi hatukuandika jina popote.

Namna ya kuifanya ilikuwa hivi. Nilipaka rangi ya kijivu juu ya mtu, taratibu, kuanzia kichwani, kisha mahali pale nikachora mgomba. Nilichagua mgomba kwa sababu katika nchi ya Waganda hakuna mtu atakayeuliza mgomba umetoka wapi. Halafu niliipiga picha ile iliyopakwa, na kwa karatasi ambazo sajini alizipata stoo nikatoa nakala mpya, safi, isiyo na alama ya brashi. Ya zamani ilichomwa siku hiyo hiyo kwenye jiko la mkaa, mbele ya sajini. "Makaratasi hapana baki," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa mfanyakazi mwaminifu. Nilichoma zote.

Nadhani nilichora shamba zima la migomba kwa miaka ile mitatu. Nilikuwa hodari. Nilisifiwa mpaka kambini.

Basi nilipotoka hospitali, akina mama wa kanisani kwetu wakaanza kunitafutia chumba nje ya mji. Kifua kikuu si ugonjwa wa kumkaribisha mtu nao nyumbani. Mmoja alikuwa na watoto wadogo, mwingine bati lake linavuja, wa tatu alikumbuka ghafla kwamba anatarajia wageni. Mmoja tu alisema niletwe kwake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji, anayekaa nyuma ya kilima cha Mbuya, mahali ambapo ardhi inateremka kwenda kwenye bwawa la mafunjo. Upande wa mbele wa kilima kulikuwa na makao ya jeshi linalotulinda. Upande wa nyuma kulikuwa na ng'ombe wake wawili. Nilipewa upande wenye faida.

Nilimwita nnyabo, kama wanavyoitwa wanawake wa heshima kule, naye akaniita ssebo, yaani bwana. Mumewe alikuwa karani wa mabehewa kule bandarini Port Bell. Jumanne moja alikwenda kazini na hajarudi. Nnyabo hakusema amekufa, wala hakusema amekamatwa. Alisema, "Bwana yangu bado iko kazi," na kuendelea kukanyaga cherehani. Watoto wawili alikuwa amewapeleka kwa bibi yao, mbali. Kiswahili hakukipenda, na simlaumu. Kwa Waganda wengi wa siku zile ilikuwa lugha ya watu wanaogonga mlango. Lakini Kiganda changu kilikuwa cha kununulia nyanya tu, kwa hiyo niliuguzwa kwa lugha ya makuruti.

Masharti yalikuwa wazi. Nilikuwa na chumba changu cha nyuma, kikombe changu, sahani yangu, na kigoda changu barazani. Sebuleni sikuingia. Mlangoni niliona tu kiza, vitambaa vyeupe juu ya viti, na picha moja ukutani ambayo kwa mbali ilikuwa kioo kinachong'aa. Kila asubuhi aliniletea nusu lita ya maziwa ya moto na yai, akasimama mpaka nimalize. Mara ya kwanza nilimwambia ayauze, kwa sababu maziwa siku zile yalikuwa dhahabu. Akanijibu, "Ssebo, kunywa. Mimi najua kwa nini nakupa." Nikadhani anasema habari za dini.

Kabla ya kuhamia kule nilikuwa nimemwomba sajini kamera moja ya kukunja aliyoiacha yule Mhindi. Aliifungua, akaifunga, akaipuliza vumbi. "Hii mzee sana. Chukua." Ndani ya kabati nikakuta na filamu moja iliyopitwa na wakati. Picha kumi na mbili. Nyingine ya kamera ile isingepatikana Kampala nzima, hata kwa magendo.

Kumi na mbili kwa miezi minne. Ukigawa, ni tatu kwa mwezi. Nataka msomaji aelewe kwamba huo ndio utakuwa ufundi wangu wote nitakaousimulia hapa, ufundi wa mtu asiye na filamu. Nilikuwa naamka mapema, natembea hatua hamsini, napumzika, natembea nyingine hamsini, nafungua kamera, naangalia kupitia kidirisha chake, kisha naifunga. Jirani mmoja aliyekuwa akiniona hivyo kila siku alimwambia nnyabo kwamba ugonjwa umepanda kichwani.

Tena sikuwa huru kugeuka ninakotaka. Juu kilimani kulikuwa na jeshi, na mtu anayeelekeza kamera kule hana haja ya daktari tena. Kusini, kuelekea ziwani, kulikuwa na bandari na gereza. Barabarani kulikuwa na vizuizi. Ukitoa yote hayo, kilichobaki ni chini. Kwa hiyo nilipiga chini. Serikali ndiyo iliyonichagulia mtindo wangu.

Na watu pia hawakutaka. Ukimwelekezea mtu kamera siku zile, aliuliza kwanza picha inakwenda wapi. Nnyabo mwenyewe nilimwomba mara moja, alipokuwa anaanua nguo, mkono juu, jua nyuma yake. Alikataa bila hasira. "Mimi niko na picha moja. Inatosha."

Hivyo nikabaki na majani, na hapo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza. Niliukalia mgomba mmoja karibu na zizi kwa wiki nzima, na nikagundua kwamba jani la mgomba halikai zima. Upepo unalipasua. Linachanika kuanzia ukingoni mpaka kwenye uti, vipande vipande, na kila kipande kinacheza peke yake. Lile changa tu, lililoviringwa bado, ndilo halina jeraha. Yaliyokauka yananing'inia ubavuni, ya kahawia, hakuna anayeyaondoa. Na mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nimechora majani mazima, yamenyooka, yamepangwa kama meno ya kitana. Migomba yangu yote haikuwahi kupigwa na upepo hata siku moja. Mkulima yeyote angeiona angecheka, lakini bila shaka wateja wangu hawakuwa na hamu ya kucheka.

Kulikuwa kuzuri kule. Sina aibu ya kusema hivyo, ingawa ninajua kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa kilima hicho hicho. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mafunjo, ukapanda kidogo kidogo, ukaacha ncha zake zinang'aa kwa maji. Ng'ombe alipumua na pumzi yake ikaonekana. Ndani ya karai la kunyweshea kulikuwa na mbingu nzima, na nzi mmoja anaogelea. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini nikiwa na macho yanayotafuta dosari za kufuta, na sasa nilikuwa nakaa juu ya kigoda, nimefunikwa blanketi, na sitaki kufuta kitu. Siku moja machozi yalinitoka kwa sababu ya umande juu ya majani ya viazi. Nilijiambia ni dawa.

Mabehewa yaliposukumwa kule Port Bell, upepo ukiwa wa ziwani, honi ya injini ilifika mpaka kwetu. Cherehani ilinyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo, na kwa kawaida nilifika ishirini kabla mguu wake haujakanyaga tena.

Mwezi wa tatu filamu ikaisha, na siku yangu ya kliniki ikafika. Baada ya kupigwa picha ya kifua, ambayo kwa kweli ndiyo picha pekee iliyonihusu mwaka ule, nilipitia Wandegeya. Niliingia chumba cha giza, nikasafisha filamu yangu, nikatoa nakala kumi na mbili ndogo kwa vipande vya karatasi, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio. Nilikuwa nimesimama ninazitazama kama mama wa mapacha wakati sajini alipoingia.

Alizipitia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha akarudi ya kwanza.

"Mutu iko wapi?"

"Hakuna mtu, afande. Ni majani tu."

"Hapana. Mutu iko wapi?"

Nikamweleza habari za daktari, na ukungu, na upepo unavyopasua jani. Alinisikiliza kwa makini, na uso wake ukawa wa mtu anayedanganywa na mtoto wake mwenyewe. Kwa sajini, kama kwa wateja wetu wote, picha ni ya mtu. Mtu anavaa, anachana nywele, anasimama wima, anapigwa. Hakuna aliyewahi kutumia filamu kwa ajili ya nyasi. Na kama katika studio yake, mikononi mwa fundi wake wa kupunguza, kuna picha kumi na mbili zenye majani peke yake, basi hesabu ilikuwa rahisi.

"Mutu kumi na mbili umepunguza," akasema polepole. "Peke yako. Hapana ambia mimi." Akaisogeza moja karibu na macho, akaipindua kwenye mwanga. "Na alama hakuna. Hata kidogo. Hii kazi safi kuliko zote."

Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile maishani mwangu, na sitarajii tena. Nilimwapia kwamba hawakuwapo. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akazikusanya zote, akazitia kwenye bahasha. Alikuwa ameudhika na alikuwa anajivunia fundi wake, lakini zaidi ya yote aliogopa. Ikiwa watu kumi na wawili wamepotea kutoka studio yake, ni heri aseme yeye mwenyewe kabla hajasemewa. Alimjua mtu wa kwao aliyefanya kazi katika ofisi fulani, ambayo watu waliita ofisi tu, bila kuongeza neno.

Walikuja baada ya siku mbili, saa nne asubuhi, kwa gari dogo lililoachwa juu barabarani. Sajini alikuwa amevaa sare. Mwenzake alikuwa na shati la maua, miwani myeusi, na viatu vya visigino virefu vilivyokuwa fasheni, ambavyo vilimpa taabu sana kwenye mteremko. Alikuwa mwembamba, wa sauti ndogo. Nnyabo alitoka, akapiga magoti akawasalimia kama desturi yao ilivyo, akarudi kwenye cherehani. Sikuisikia cherehani ikilia.

Mtu wa ofisi alitoa bahasha. "Tuonyeshe. Moja moja."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho ya kwanza ya picha zangu, na mpaka leo ndiyo ya mwisho. Niliwatembeza shambani. Mahali pa kila picha tulisimama, yeye akaishika mbele ya uso wake, akaiangalia, akaishusha, akapaangalia mahali penyewe, akaipandisha tena. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuangalia picha kwa uangalifu namna ile. Pale zizini aliuliza, "Ng'ombe iko wapi?" kwa sababu katika picha ng'ombe alikuwapo na sasa hakuwapo. Nikaeleza kwamba ng'ombe hutembea. Akamtazama sajini, sajini akathibitisha. Pale kwenye karai alichungulia ndani, akajiona, akarudi nyuma.

Nilikuwa najua kwamba mtu haulizwi majani kwa muda wote huo halafu akaachwa.

Picha ya saba ilikuwa ya nyasi ndefu ukingoni mwa bwawa, jua likiingia kwa chini. Hapo alivua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida, yenye uchovu kidogo.

"Hii majani," akasema, "iko hata kwetu." Akasimama nayo kidogo, kisha akaitia mfukoni mwa shati, peke yake, si kwenye bahasha. Sikujua kama nimepata mteja au nimetoa ushahidi.

"Sasa kwa nini wewe unapiga majani?"

Nilitoa barua ya daktari. Aliisoma yote, maziwa, mayai na hewa safi, na mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa akae aangalie majani. Alipofika kwenye muhuri akapitisha kidole juu yake. Muhuri ule ambao haukunipatia hata yai moja ulimtosha yeye. "Hii ni amri ya daktari," akamwambia sajini, kwa lawama kidogo. Kama ni amri, basi. Amri alizielewa, akanirudishia bahasha.

Nilianza kupumua. Ndipo nnyabo akatokea mlangoni, akasema, "Bassebo, kalibu chai."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa wamepata mgeni wa aina hii. Lakini kwake yeye mgeni hatoki kwenye ua bila kutia kitu mdomoni, hata awe amekuja kukuchukua. Tukaingia sebuleni sote, na kwa kuwa kumwacha mgonjwa nje mbele ya wageni kungezua maswali, nami niliingia kwa mara ya kwanza. Nilikaa kwenye kiti kinachoelekea ukuta. Na ukutani, ndani ya kioo, kulikuwa na ile picha yake moja.

Nnyabo amesimama uani, kijana zaidi, amevaa busuuti, gauni refu la Waganda, ya sikukuu, jua la asubuhi upande wake wa kulia. Kando yake, karibu mno, mgomba. Majani yake yalikuwa mazima. Yamenyooka, yamepangwa kama meno ya kitana.

Niliujua mkono wangu kama mtu anavyoijua sauti yake. Picha yenyewe sikuikumbuka, wala aliyeileta. Lakini karani wa mabehewa alikuwa amesimama pale, na mimi ndiye niliyemwondoa, kuanzia kichwani, taratibu, na baadaye nikamtia kwenye mkaa.

Halafu nikaangalia chini kwenye picha, nikaona jambo baya zaidi. Juu ya udongo uliofagiliwa, miguuni mwa nnyabo, kulikuwa na kivuli chake kirefu kimelala upande wa kushoto. Na kando yake, kinatoka kwenye shina la mgomba wangu hodari, kilikuwa kimelala kivuli cha pili, chenye mabega, chenye kofia, chenye mkono mmoja kiunoni. Nilikuwa nimesahau kivuli. Fundi wa kusifiwa mpaka kambini alikuwa ameondoa mtu mzima na kusahau kivuli chake.

Mtu wa ofisi aliinuka na kikombe mkononi, akaenda kusimama mbele ya picha hiyo hiyo. Mgongo wake ulikuwa kwetu. Nilisikia kuku nje. Nilifikiri, sasa ataona mgomba wenye kofia, atauliza huyu ni nani na ni nani aliyemfuta, na mwanamke huyu aliyeninywesha maziwa yake atatoka hapa kwa sababu ya uzembe wangu wa dakika mbili. Nnyabo alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, anaangalia mlango. Sajini aliiangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia ndani ya kikombe chake.

"Hii sasa," akasema mtu wa ofisi, "ndiyo picha." Akanigeukia na kukigonga kioo kwa ukucha. "Iko na mutu. Amesimama mzuri, amevaa mzuri. Jifunze hapa."

Nikamwambia nitajifunza.

"Twende," akasema sajini, tayari amesimama. "Mvua nakuja." Nje hapakuwa na wingu. Sijui kama aliona au hakuona. Kama aliona, alikuwa na sababu zake pia, maana kazi ilikuwa imetoka studio kwake.

Gari lilipoondoka nilirudi sebuleni bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Kazi ya brashi, nusu saa tu. Ningeitoa picha kwenye kioo, ningepaka udongo juu ya kivuli kile, na hata wakirudi wenye macho zaidi wasingepata kitu. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi. Yeye alinitangulia.

"Umeiona," akasema. "Nilijua siku moja utaiona."

Nikarudi kukaa kwenye kiti kile kile.

"Wakati shemeji yangu alirudisha hii picha, mimi nililia siku tatu. Nilisema wamemutoa yote, hata kiatu. Halafu siku ya nne nikaona hapo chini." Alinyoosha kidole bila kugusa kioo. "Nikasema, kumbe ndani ya studio ile kuna mtu. Huyo mtu aliogopa kuacha uso, kila mtu anaogopa. Lakini aliniachia kivuli. Sasa kanisani wakasema fundi wa studio ya Wandegeya iko mgonjwa, hakuna anayemutaka. Mimi nikasema, huyo mlete kwangu." Akakifuta kioo kwa ncha ya busuuti, mahali ukucha ulipogonga. "Asubuhi namusalimia hapa, halafu naenda kukamua."

Nusu lita kila siku. Yai kila siku. Miezi mitatu na zaidi nilikuwa nimenyonya uhai kutoka kwenye kosa, na nikawa nimenenepa. Nilifungua mdomo nimwambie kweli, kwamba hapakuwa na huruma yoyote siku ile, kwamba yawezekana nilikuwa nakohoa tu na nilitaka kufunga nikalale. Mtu mwaminifu angesema. Mimi, mchoma picha mwaminifu, nilimwambia, "Asante kwa maziwa, nnyabo." Akaniambia, "Webale nawe," yaani asante nawe, akaenda kwenye cherehani yake.

Mwezi wa nne daktari akaniambia kifua kimefunga, nirudi kazini. Nilimwachia nnyabo picha ya mgomba wa zizini, ule wenye majani yaliyopasuka. Aliishukuru kwa adabu, na naamini hakuona faida yake.

Picha ya kwanza niliyopewa kupunguza baada ya kurudi ilikuwa ya ubatizo. Niliondoa baba wa ubatizo, nikachora mgomba uliochanika kwa upepo, na kofia yake nikaiacha mkononi mwa mtoto aliyekuwa ameishikilia. Iliyofuata niliacha kivuli. Nyingine niliacha kiwiko ndani ya kiwiko cha mke, kidogo tu, ambacho asiyejua angedhani ni mkunjo wa nguo. Nyingi nimezisahau, lakini hakuna iliyotoka mikononi mwangu ikiwa safi tena. Na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Ni sajini peke yake aliyelalamika. Siku moja alisimama nyuma yangu muda mrefu, nikiwa nimemaliza, akaweka kidole juu ya kivuli. "Hapa umesahau."

"Macho, afande," nikamwambia. "Ugonjwa."

Aliiangalia tena, kisha akaitia mwenyewe kwenye bahasha ya mteja, akailamba, akaifunga. Akasema ugonjwa umeniharibu mkono, kwamba zamani nilikuwa fundi. Nikamwambia ni kweli.